Macho Hayana Pazia: Juu ya Kuutazama Mji wa Kashi

Wahenga wetu walisema kuwa macho hayana pazia, na katika nyakati hizi za safari nyepesi methali hiyo imegeuzwa hati ya ruhusa. Mtu hukata tikiti, hushuka katika mji asioujua, hutazama ibada za watu, vilio vya watu na maiti za watu, na akiulizwa sababu hujibu kuwa macho hayana pazia. Nataka kuibishia hoja hiyo. Mahali nitakapoibishia ni Kashi, mji wa hija wa Wahindu ulioko kaskazini ya Bara Hindi, ukingoni mwa mto Ganga, ambao ramani huuita Varanasi na wenyewe wengi huuita Banaras. Nimeuchagua mji huo kwa kuwa hapana mji mwingine niujuao ambamo kutazama kumefanywa biashara kubwa namna ile. Tena mimi mwenyewe nilikwenda huko kutazama, na sitaki msomaji adhani kuwa nawanyoshea wengine kidole hali mkono wangu ni safi.

Mto Ganga hutiririka kuelekea mashariki katika sehemu kubwa ya njia yake, lakini ufikapo Kashi hupinda ukaenda kaskazini, kana kwamba umegeuka kuitazama milima ya theluji ulikotoka. Mji umejengwa upande wa magharibi tu, juu ya ukingo mrefu. Ng'ambo ya pili ni mchanga mtupu. Kwa hiyo jua lichomozapo hapana kitu cha kulizuia: mwanga hupita juu ya mchanga na juu ya maji, ukapiga usoni mwa mahekalu, majumba ya kale na ngazi za mawe ziteremkazo mpaka mtoni. Safu za ngazi hizo, ambazo kila moja huitwa ghat kwa lugha ya huko, zapata 84, nazo zimefuatana kwa mwendo wa kilomita sita hivi. Alfajiri watu hushuka kuoga, huchota maji kwa viganja, huyamimina tena mtoni wakilielekea jua. Sijaona mahali pazuri kuliko pale saa kumi na mbili ya asubuhi, na uzuri huo ndio mwanzo wa balaa.

Mgeni hupewa ratiba. Alfajiri, mashua. Baada ya staftahi, vichochoro na mnara uliovikwa dhahabu wa hekalu la Vishwanath. Kisha mahali pa kuchomea maiti. Baada ya chakula cha mchana, gari mpaka Sarnath, yapata kilomita 10, ambako Buddha alitoa mahubiri yake ya kwanza. Jioni, mashua tena, kutazama taa. Kesho yake, uwanja wa ndege. Dini mbili kubwa za ulimwengu huwa zimekwisha kutazamwa kwa siku moja, na nafasi ya kununua hariri imebaki. Sasa mlinganishe mtu huyo na hujaji wa Kihindu afanyaye mzunguko uitwao Panchkroshi. Huyu huuzunguka mji kwa miguu, yapata kilomita 80, kwa desturi muda wa siku tano, akisimama kuabudu penye vituo 108. Simsifu kwa sababu ya malengelenge ya nyayo zake. Wako watembeao mbali na mioyo yao isitoke nyumbani. Nasema tu kuwa yeye ameutolea mji kitu chake mwenyewe, na mji umemjua kuwa amepita.

Lugha yetu ina maneno mawili yawezayo kutusaidia hapa, nayo ni kuzuru na kutalii. Zuru limetoka katika Kiarabu, ndugu yake ni ziara: huzuriwa mgonjwa, huzuriwa mzee, huzuriwa kaburi la walii. Azuruye huenda kwa mtu, hata ikiwa mtu huyo amelala chini ya udongo, naye hubisha hodi. Talii nalo limetoka huko huko, ni ndugu wa mutalaa, na asili yake ni kulichungua jambo kwa makini kama mtu asomaye kitabu. Si neno baya hata kidogo. Aibu ni kwamba tumelishusha cheo. Mtalii wa leo hasomi, afunua kurasa.

Nitajibiwa kuwa mahujaji nao huja Kashi kutazama. Ni kweli, na ni kweli zaidi kuliko wajibuji wanavyodhani. Jambo kubwa alifuatalo Mhindu hekaluni huitwa darshana, na maana ya neno hilo ni kuona. Babu wa miaka themanini aliyepanda treni siku mbili, akasimama katika safu tangu usiku wa manane, akasukumwa, akakanyagwa, huweza kukwambia kwamba yote aliyoyataka ni kuona kwa nukta chache na kuondoka. Lakini kuona huko kuna pande mbili. Muumini huenda kumwona Mungu wake na kuonwa naye, na lau angeambiwa kuwa yeye ataona ila hataonwa, angerudi kwao kwa huzuni. Ndiyo sababu sanamu ichongwapo huwa bado ni jiwe, mpaka siku ya ibada ya kuifungua macho. Mimi si wa imani hiyo, na dini niliyolelewa nayo yanikataza kuinamia kilichochongwa. Hata hivyo naona katika desturi hiyo adabu ambayo mtu wa dini yoyote aweza kujifunza. Kosa la mtalii si kutazama. Kosa lake ni kutaka kutazama bila ya kutazamwa.

Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe. Kuku huyo wa leo amepata dawa ya kuuficha weupe wake, nayo ni kamera. Aiwekapo mbele ya uso, hudhani kuwa uso wenyewe umeondoka pale, na waliobaki wote ni mandhari.

Si desturi mpya. Mwaka 1896 Mark Twain, mwandishi wa Marekani, alipita Kashi, na katika kitabu cha safari zake kilichotoka 1897 alitunga orodha ya mzaha ya mahali patakatifu pa mji, kila pahali na faida yake, kama mtu asomaye bei za bidhaa dukani. Kurasa hizo zachekesha, nami nilicheka. Lakini katika safari hiyo hiyo alikwenda kumwamkia mtawa mmoja mashuhuri, Swami Bhaskarananda Saraswati. Mtawa alimpa kitabu chake cha dini, na Twain akampa Huckleberry Finn. Hapo mzaha wapungua na heshima yaingia katika maneno yake. Mahekalu yote aliyapitia kama mpita sokoni, asiguswe. Mbele ya mtu mmoja aliyemtazama na kumkabidhi kitu, alilazimika kutafuta mkononi mwake naye alichonacho.

Sasa niseme habari ya Manikarnika, maana hapa ndipo hoja ya macho yasiyo pazia inapotiwa mizani.

Wahindu huamini kuwa afaye Kashi hufunguliwa, asirudi tena kuzaliwa na kufa. Husemwa kwamba Shiva mwenyewe humnong'oneza sikioni neno la kumvusha. Kwa ajili hiyo wazee na wagonjwa huletwa wafie huko. Iko nyumba moja ya kufia, Mukti Bhawan, iliyofunguliwa 1958, ambayo vyumba vyake hawapewi ila wale wanaongojea saa yao. Waliokufa huchukuliwa juu ya machela ya mianzi kupitia vichochoroni, na wachukuzi hulitaja jina la Mungu wao kwa sauti, mpaka kwenye ghat ya Manikarnika. Kuni zimerundikwa huko kama majumba, nazo hupimwa kwa mizani kubwa. Moto huchukuliwa kwa Wadom, watu wa tabaka lililodharauliwa na ambao bila yao tajiri na maskini wasingepata njia ya kuondokea. Mwana mkubwa wa marehemu, amenyoa kichwa, amevaa nguo nyeupe, huuzunguka mwili na kuutia moto. Kisha hungojea saa nyingi. Mwishowe huchukua chungu cha maji, hukitupa nyuma kwa juu ya bega ili kuzima makaa, na huondoka bila kugeuka.

Bila kugeuka! Mwenye msiba amefundishwa na mila yake kuwa kuna hatua ambayo jicho lapaswa kuachia. Na juu ya vichwa vya watu hao, katika roshani na mashuani, wamepangwa wageni waliolipa ili wao wasiache kutazama.

Nami nilikuwa miongoni mwao. Nilisimama kwenye kibaraza kimoja kilichoelekea moto, pamoja na wengine kumi au zaidi. Kijana alitujia akatueleza kwa Kiingereza cha kukariri aina za kuni na bei zake, mwili huungua muda gani, na ni kina nani wasiochomwa. Kisha akaomba fedha za kuwanunulia kuni maskini, na kila mmoja wetu alijua kuwa fedha hizo hazitafika kwa maskini yeyote, na kila mmoja alitoa, kwa kuwa kutoa kulitufanya tujione kuwa tuna haki ya kuwepo. Kupiga picha pale kumekatazwa kwa desturi. Mwenzetu mmoja alikuwa ameishika simu yake kifuani, kioo kikielekea chini, na jicho lake dogo likielekea moto. Ndipo alipopanda mzee mmoja katika wafiwa, labda alitaka kuukimbia moshi. Alisimama karibu nami, akaniangalia, akasema neno. Mwanafunzi niliyefuatana naye alinifasiria: "Auliza, umemleta nani?" Nilijibu kuwa sikumleta mtu. Mzee alinitazama kwa kitambo, wala si kwa hasira, akasema: "Basi umewahi kufika." Akageuka, akateremka.

Tangu siku ile sijaweza kuitumia methali ile kama nilivyokuwa nikiitumia. Wala haikutungwa kwa kazi hiyo. Macho hayana pazia husemwa na mtu aliyeona asichokusudia kukiona, naye aomba radhi. Kumpa maneno hayo mtu aliyesafiri maelfu ya maili makusudi ili aone ni kumvika mwizi kanzu ya mpita njia. Tena, Muumba aliyeyanyima macho pazia aliyapa kope.

Wako wasemao kwamba lifanywalo hadharani ni la hadhara. Hawajaufahamu mji. Katika sehemu nyingi za Bara Hindi mahali pa kuchomea maiti huwekwa nje ya makazi. Kashi umepaweka katikati, palipo na soko, hekalu, ng'ombe na watoto warushao tiara, kwa sababu huko mauti si jambo la kufukuzwa mjini. Moto ule uko wazi kama mlango wa nyumba ya tanzia ulivyo wazi. Huku kwetu yeyote aweza kuingia mlango huo bila ya kualikwa, lakini aingiaye hutoa pole, hukaa mkekani, hunyamaza. Asimamaye mlangoni akahesabu waliao hatuna jina zuri la kumwita.

Hoja ya fedha nitaipita upesi. Huambiwa kuwa bila ya watalii mji utakufa njaa. Mji huo ulikuwa ukilisha wageni zama ambazo London haikuwa na jina. Na waishio kwa wageni wana haki ya kula, sina ugomvi na mpiga makasia. Lakini tazama fedha inakokwenda. Tarehe 13 Januari 2023 meli ya anasa iitwayo Ganga Vilas iling'oa nanga Kashi kwa safari ya siku 51 na kilomita 3,200 hivi mpaka Dibrugarh. Mwenye mashua ya mbao atagawana nini na abiria wa meli hiyo, zaidi ya mawimbi yake?

Jambo kubwa zaidi ni hili, nalo laonyesha kuwa ugonjwa huu si wa wageni peke yao. Hekalu la Vishwanath lililopo leo lilijengwa na malkia Ahilyabai Holkar katika karne ya 18, baada ya mfalme Aurangzeb kuamuru mwaka 1669 lile lililotangulia livunjwe; na ubavuni mwake umesimama msikiti wa Gyanvapi, ambao ugomvi wake umefikishwa mahakamani. Kwa muda wote huo hekalu lilikuwa limezamishwa ndani ya nyumba za watu. Lilifikiwa kwa vichochoro ambamo watu wawili hawapishani bila kugusana mabega, na mara nyingine wa pili alikuwa fahali. Mwaka 2019 Waziri Mkuu Narendra Modi aliweka jiwe la msingi la njia pana ya kuliunganisha hekalu na mto, na tarehe 13 Desemba 2021 aliifungua. Ili njia hiyo ipatikane, nyumba na maduka yapatayo 300 yalinunuliwa na kubomolewa. Serikali ilieleza kwa furaha kuwa katika kubomoa huko yalifichuliwa mahekalu madogo ya kale zaidi ya 40, yaliyokuwa yamefichika majumbani.

Yamefichika kwa nani? Bibi aliyeamka kila siku akaweka ua mbele ya kijihekalu kilichomo uani kwake hakufichwa kitu. Jirani aliyepita akagusa kizingiti hakufichwa kitu. Yalikuwa yamefichika kwa mtu mmoja tu, yaani yule asimamaye mbali akitaka kuona yote kwa mara moja. Kwa ajili ya jicho la mtu huyo mji ulipasuliwa, na vijihekalu vile, ambavyo vilikuwa na wenyewe, sasa vina watazamaji.

Nisidhulumu. Vichochoro vile vilikuwa na dhiki ya kweli. Vikongwe walianguka katika msongamano, na uchafu ulikuwepo. Gandhi alilisema jambo hilo Februari 1916, katika sherehe za kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Kihindu cha Banaras, mbele ya wafalme waliojipamba vito. Aliuliza mgeni aangukaye pale ghafula angewahukumuje Wahindu kwa uchafu wa njia za hekalu lao, na kama hekalu hilo si kioo cha tabia zao wenyewe. Maneno makali hayo, lakini aliyasema kama mtoto wa nyumba atakaye nyumba ifagiliwe. Alijihesabu miongoni mwa walioaibika. Kufagia kichochoro ni kazi moja, na kukifuta kichochoro ni kazi nyingine, na wanaotaja jina la Gandhi ili kuitetea ya pili wamemwazima ulimi bila ya idhini yake.

Jioni, penye ghat ya Dashashwamedh, makuhani vijana husimama juu ya majukwaa wakainua taa za shaba zenye ndimi nyingi za moto, wakazizungusha kwa pamoja, kengele zikilia. Ibada ya kuutolea mto taa ni ya zamani, ila onyesho hili kubwa la kila usiku, kwa sura yake ya sasa, lilianza katika miaka ya 1990. Silaumu upya wake. Kila la kale lilikuwa jipya siku moja. Laumu yangu ni ndogo na yaweza kuonekana kwa macho. Makuhani wale wauelekea mto, kwa maana mto ndio usifiwao. Lakini mbele yao, ubavu kwa ubavu, zimefungwa mashua za watazamaji, nyingi hata maji hayaonekani. Taa yainuliwa kumsalimu mama Ganga, nayo yaangukia vioo vya simu zetu. Usiku ule mwenye mashua yangu, mtu wa makamo asiyesema sana, alipiga makasia akatutoa katikati ya mashua nyingine bila ya kuuliza, abiria mmoja akilalamika kwamba hatuoni vizuri. Tulipofika mahali palipo giza alichota maji, akajipaka usoni. Nadhani hakuwa amefanya hivyo kwa ajili yetu.

Ratiba haikuwa na nafasi ya Madanpura, mtaa wa wafumaji hariri, kwa sababu hapana mnara wa dhahabu huko. Wengi wao ni Waislamu, na saree za Kashi zivaliwazo na maharusi wa Kihindu kote Bara Hindi hutoka katika vitanda vyao vya kufumia. Kabir, mshairi mkubwa wa karne ya 15, alikuwa mfumaji wa mji huo, na Wahindu na Waislamu wote humdai kuwa wao. Bismillah Khan naye, Mwislamu, mpiga zumari aliyepewa nishani kuu ya nchi mwaka 2001 na kufariki 2006, alijifunza kazi yake ukingoni mwa mto ule, na zumari lake lilisikika mahekaluni. Mambo haya hayapigiki picha. Kuyajua kwataka kuketi.

Niliketi mchana mmoja. Mzee wa nyumba aliusimamisha mguu wake juu ya kanyagio la kitanda cha kufumia, akaniuliza natoka wapi. Na mwanafunzi wangu alipoanza kufasiri, tuligundua kuwa twaweza kusogea kidogo bila yake, kwa maneno ambayo lugha zetu mbili ziliazima nyumba moja: dunia, kitabu, rangi, safari. Aliniuliza kama mama yangu yu hai. Aliniuliza bahari ya kwetu ina rangi gani asubuhi, na kama kweli watu wa kwetu huzika siku ile ile. Watoto watatu waliingia wakasimama mlangoni kunitazama, wakaita wengine. Jirani akaja na kiti chake. Saa nzima sikupata nafasi ya kuuliza swali langu hata moja, na chai ilipoletwa kikombe changu kilipita mikononi mwa watu wanne, kila mmoja akinikagua kabla ya kukisukuma mbele.